Ngozi ya Damu

Historia tuliyofunzwa shuleni ilikuwa ya wafalme, vita na reli. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna nyingine iliyoandikwa kwenye ngozi ya seli ya damu, na kwamba sisi wa Mabanga, hapa Bungoma, tumo ndani yake.

Nilisoma baiolojia chuoni hadi karo ikaisha. Swali moja halikuisha: mbona binamu yangu ana selimundu, ndugu zake hawana? Mtaani wana jibu lao. Ati mama yake ana laana.

Hebu tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1925, mjini Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walitoa mafuta yote kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Yalifunika eneo kama mara mbili ya lile la seli zenyewe. Wakaelewa kwamba utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta. Mwaka wa 1972, Singer na Nicolson wakaongeza kwamba utando huo ni kama majimaji, protini zinaelea ndani yake.

Lakini mafuta matupu yangepasuka. Seli nyekundu huishi siku kama 120, ikijipenyeza kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Inajikunja, inapita, inarudia umbo lake. Inawezaje? Chini ya utando kuna wavu wa protini iitwayo spektrini. Huo ndio kiunzi chake.

Tena seli hii ni msafiri. Seli za ngozi na za utumbo zimeshikanishwa na jirani zao kwa protini, kama mabati yaliyopigiliwa misumari. Seli nyekundu haishikani na yeyote. Malaria ndiyo inayovuruga mpango huo. Kimelea kikishaingia, kinapeleka protini zake juu ya utando, na seli inaanza kunata kwenye kuta za mishipa. Zikinata ubongoni, mtoto anapoteza fahamu.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1949, Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, karibu hakuna. Palipo na mbu wengi, jeni ni nyingi. Mwaka wa 1954 alichapisha jibu: ukiwa na nakala moja ya jeni hiyo, una kinga dhidi ya malaria kali. Ukiwa na mbili, himoglobini inajipanga kama fito ngumu ndani ya seli, inapinda utando, inaharibu kiunzi, na seli zinakwama mishipani. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa.

Selimundu si kinga pekee. Kilifi kuna watu wenye damu ya aina ya Dantu, ambayo ni nadra sana kwingineko duniani. Mwaka wa 2020, Silvia Kariuki na wenzake walionyesha inavyofanya kazi. Kimelea hakiingii kwenye seli bila kuukunja utando wake. Utando wa Dantu umekazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyootwa moto. Ukikazika kupita kiwango fulani, kimelea kinagonga, kinashindwa, kinabaki nje. Na hii haimwachii mtoto ugonjwa kama selimundu.

Kwa hivyo kinga yetu ya Magharibi ina bei, na wanaoilipa ni watoto waliopata nakala mbili. Baba na mama wakibeba moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto kama binamu yangu. Laana haimo kwenye hesabu hiyo. Na jeni zenyewe huja mbili, moja ya baba na moja ya mama, ingawa mtaani anayelaumiwa ni mama peke yake.

Kipimo cha kujua kama unaibeba kipo, ni damu kidogo tu. Wanaopanga kuoana huku kwetu huulizana ukoo kwanza, wasije wakaoana ndugu. Sioni kwa nini tusiulizane na hili pia, kabla mtoto hajazaliwa na mama hajatafutiwa kosa.