Masomo Matatu ya Pugu na Lugha ya Historia

Kabla TANU haijazaliwa, Julius Nyerere alikuwa mtu wa ratiba ya vipindi. Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 alikwenda kufundisha Mtakatifu Fransisko, sekondari ya Wakatoliki iliyokuwa Pugu, kwenye vilima vya nje ya Dar es Salaam. Masomo yake yalikuwa matatu: Kiingereza, Kiswahili na Historia. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa Tanganyika African Association, na Julai 7, 1954 chama hicho kikazaa TANU. Machi 1955 alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa, akaliacha darasa. Jina la Mwalimu likabaki naye mpaka kaburini Butiama.

Masomo hayo matatu nayo yana safari yao, na safari ya Historia ndiyo inayoniuma zaidi.

Mwanafunzi wa sekondari wa miaka ile alisoma akiutazamia mtihani wa Cambridge. Historia aliyoulizwa ilikuwa hasa ya Uingereza na himaya yake. Mkwawa na Mirambo walipita pembeni, kama walipita kabisa. Baada ya uhuru kazi ya kuigeuza meza ilianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Terence Ranger alifika mwaka 1963 kujenga idara ya historia, na mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho ndani yake Mwafrika ni mtendaji, si mtazamaji. Tanzania ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na sheria ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Maudhui yakawa yetu. Mtihani ukawa wetu. Lugha ya somo haikuguswa.

Chukua Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa vijijini, kusini na mashariki mwa nchi, kuwahoji wazee. Baadhi ya wazee hao walikuwa vijana vita vilipoanza katika vilima vya Umatumbi Julai 1905, wakati habari za Kinjikitile Ngwale na maji yake ya Ngarambe zilipokuwa zimeenea. Walieleza kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao. Maneno yao yakaandikwa kwa Kiingereza, yakachapwa kwa Kiingereza, na mengi yaliyotoka humo yakaingia sekondari kwa Kiingereza. Kitukuu wa mzee wa Kilwa akawa anaipokea habari ya babu yake kwa lugha ambayo babu hakuitamka.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, tamthilia ya Kiswahili kuhusu Kinjikitile huyo, iliyosomwa shuleni kwa vizazi. Kwa hiyo palikuwa na wanafunzi waliokutana na mtu mmoja katika vipindi viwili. Katika kipindi cha Kiswahili walibishana: Kinjeketile aliwadanganya watu au aliwaunganisha? Neno lake lilimzidi nguvu? Katika kipindi cha Historia walinakili ubaoni orodha ya sababu na matokeo ya vita, wakaikariri ilivyo, kwa kuwa sentensi ya Kiingereza ukiibadilisha bila kuimudu utaiharibu. Mtoto anayeogopa kuharibu sentensi hawezi kuihoji.

Hali hii haikuwa ndiyo nia. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi nzima. Mpango wa pili wa maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulitazamia kifike hadi sekondari. Tena somo la Siasa lilikuwa tayari linafundishwa kwa Kiswahili huko huko sekondari. Ujamaa, ukoloni, ubeberu, ukombozi wa kusini mwa Afrika, yote yalijadiliwa na vijana bila mkalimani. Nani basi angesema kwamba mambo ya jamii hayafundishiki kwa Kiswahili, ilhali yalikuwa yakifundishwa?

Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa jibu mwaka 1982. Ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985, na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alitetea kubaki kwa Kiingereza: alikiita Kiswahili cha dunia, akahofia kwamba kikiachwa kuwa somo la kawaida tu kitakufa. Mwaka huohuo Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walikagua hali ya Kiingereza shuleni, wakakuta wanafunzi walio wengi wa sekondari hawakimudu kiasi cha kusomea masomo mengine. Hata hivyo walipendekeza kibaki, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza.

Namheshimu Mwalimu kwa mengi, na kwa lugha hasa. Mtu aliyetafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, hahitaji kufundishwa uwezo wa Kiswahili. Lakini hoja ile ya 1984 siikubali. Pugu alikuwa na kipindi cha Kiingereza na kipindi cha Historia, kila kimoja na kazi yake. Uamuzi wa 1984 uliitwisha Historia kazi ya kukiokoa Kiingereza, pamoja na Jiografia na Biolojia. Kiingereza hakikuokoka, na Historia ikadhoofika.

Miaka ya 1990, baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea, Siasa iliondolewa, mahali pake pakaingia somo la Uraia kwa Kiingereza. Hapo ndipo tuliporudi nyuma hasa. Katiba, haki za raia na uchaguzi, mambo ambayo kijana atayatumia kwenye mkutano wa kijiji na kwenye kituo cha kura, yakahamishwa kutoka lugha ya mkutano huo. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa LOITASA, mradi wa kuchunguza lugha ya kufundishia, akina Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, walilinganisha madarasa ya Biolojia na Jiografia yaliyofundishwa kwa lugha hizi mbili. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi na walishiriki zaidi.

Sera ya elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Masomo mengi hayakupita. Lililopita ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili katika mitaala mipya ambayo utekelezaji wake ulianza 2024 kwa awamu. Historia ya Afrika na ya dunia ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wake huenda ndiye huyohuyo, na wanafunzi ni haohao. Kama Mkwawa anafundishika kwa Kiswahili, Samori Touré, Menelik na mapinduzi ya Ufaransa wanafundishika pia. Wizara ianze na hao, na vipindi vya Kiingereza viongezwe walimu na vitabu ili Kiingereza kifundishwe kama somo, na wanaokijua.