Sakafu ya Ulyankulu

Neno sakafu limegeuka kichwa chini, miguu juu. Katika Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni dari au paa. Waswahili wakalishusha, wakalikanyaga. Sababu imo ndani ya nyumba za mawe zenyewe. Huko Lamu, Pate na Mji Mkongwe wa Unguja, kinachomfunika aliye chini ndicho anachokitembelea aliye juu. Boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa mawe ya matumbawe, kisha humwagwa kifusi kilichochanganywa na chokaa, na mchanganyiko huo hupigwa kwa magongo siku nyingi, wapigaji wakiimba. Nyimbo hizo hazikuwa pambo tu. Magongo yakianguka kwa pigo moja, sakafu hushuka sawasawa; kila mtu akipiga kwa hiari yake, hubaki vilima na mabonde, na maji hayakawii kuyatafuta mabonde.

Ufundi huu wa chokaa ulikwenda kusini na kaskazini kwa majahazi, lakini haukuifuata njia ya misafara kuelekea bara. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi katika matembe: nyumba za udongo na miti, zenye paa bapa la udongo na baraza pana upande wa mbele. Baraza ilikuwa imefika kutoka pwani. Sakafu haikufika. Chini palikuwa udongo, kwa tajiri wa pembe na kwa mpagazi wake sawia.

Hesabu yaeleza kwa nini. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi kutoka Bagamoyo. Chumba cha mita tatu kwa nne, kikitiwa sakafu ya unene wa sentimita 15, kinakula tani tatu na ushei: mizigo mia moja kwa chumba kimoja. Hata kama mawe yote yangeokotwa papo hapo, chokaa peke yake ingewashika wapagazi kumi au zaidi, nao kumi hao wangeweza kubeba kaniki, merikani, shanga na masango ya kununulia pembe. Ni mfanyabiashara gani angeipanda faida yake chini ya nyayo?

Basi wageni wakategemea maarifa ya wenyeji, na maarifa hayo hayakuwa haba. Katika Unyamwezi, udongo wa sakafu huchimbwa kwenye kichuguu. Mchwa wamekwisha kuuchekecha na kuushikamanisha. Una mfinyanzi mwingi na hauna mawe. Lakini udongo mzuri hauponyi ardhi iliyoandaliwa vibaya. Nchi ile ni ya miombo, na kisiki kilichosahauliwa chini ya nyumba huoza polepole, kikaacha shimo lisiloonekana mpaka siku guu la kitanda litakapozama. Kwa hiyo visiki na mizizi hung'olewa kwanza. Palipoinuka hukwanguliwa, palipobonyea hujazwa, na kujaza huku ndiko kunakomtenganisha fundi na mpiga vumbi: udongo hutiwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likarashiwa maji na kushindiliwa kabla ya kutiwa la pili. Akitaka kumaliza kwa mara moja, ngozi ya juu hukauka na kung'aa, na nyama ya chini hubaki tifutifu. Mwisho hupakwa samadi ya ng'ombe, ambayo huzuia vumbi na kuziba nyufa.

Sakafu za namna hiyo ndizo zilizokuwamo katika vijiji vya Ulyankulu mnamo Agosti 1871, Waarabu wa Unyanyembe walipomwendea Mirambo kwa vita, Stanley akiwa pamoja nao. Waliteka, wakachoma, na walipokuwa wakirudi na ngawira wakavamiwa njiani na kuuawa kwa wingi. Kabla ya mwezi kwisha Mirambo aliingia Tabora kwenyewe, na Khamis bin Abdullah akaanguka. Tembe linapoungua, paa huporomoka na kuta hufuata. Sakafu hubaki, tena ikiwa ngumu kuliko mwanzo, kwa kuwa moto umeichoma kama chungu. Mirambo alijenga upya, akaweka makao yake Iselamagazi, akaitawala njia ya Ziwa Tanganyika hadi alipofariki Desemba 1884. Kutoka Unyamwezi, yasemekana, Kiswahili kikalipata neno ikulu. Ni biashara ya haki: pwani ilitoa jina la sakafu, bara likatoa jina la nyumba ya mtawala.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na baada ya hapo mzigo wa wapagazi mia ukawa mzigo wa behewa moja. Hata hivyo saruji ilikawia vijijini. Ulyankulu iliyoisubiri ilikuwa Ulyankulu nyingine. Mwaka 1972, Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi walipewa msitu huo waukate na kuulima. Waling'oa visiki, wakashindilia udongo. Ardhi na maji havikuwatosha wote, na kuanzia 1978 wengi wakahamishiwa Mishamo, wakaanza tena na visiki vingine. Waliobaki waliishi miaka thelathini na mitano juu ya udongo, na si kwa umaskini peke yake. Mkimbizi ni mtu aliyeambiwa kwamba atarudi.

Mwaka 2007 waliulizwa: kurudi au kuwa Watanzania? Wengi mno wakachagua kubaki, na mnamo 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalikubaliwa. Ila uraia huo ulikuja na sharti la kuondoka makazini na kutawanywa katika mikoa mingine, na vyeti vikazuiwa. Kwa miaka minne mtu alikuwa raia wa nchi bila ya kuwa na hakika ya chumba chake. Nani amwage saruji hapo? Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na sharti la kuhama likaachwa.

Mafundi wa leo huita zege la chini jamvi, kama mkeka ule wa kukalia, na vigae vya kiwandani huviita marumaru, ingawa marumaru ya kweli ni jiwe. Kigae hakisamehe. Udongo ulibonyea pamoja na mwenye nyumba, saruji ilipasuka kwa adabu. Kigae kilichowekwa juu ya uwazi hulia kitupu kikigongwa, kisha hukatika siku meza inapoburutwa. Kwa hiyo fundi huvuta uzi toka pembe hadi pembe, huhamisha kipimo kwa mpira wa maji, hugonga palipoinuka na kujaza palipobonyea. Hapo hukutana na udongo wa 1972. Mwenye haraka huufukua wote na kuleta kifusi kipya ambacho hakijashindiliwa na mtu. Mjuzi huugonga kwanza. Ukilia kizito, bila mwangwi, huuacha mahali pake: huikwangua samadi ya juu, huurashia maji, na jamvi humwagwa juu yake.