Injini Isiyohitaji Maji: Volkswagen Beetle, Uhaba wa Vipuri na Matengenezo ya Nyumbani katika Mazingira ya Gairo

1.0 Utangulizi

Gairo ni mji uliopo takribani katikati ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Kabla ya kuwa wilaya mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa. Wakazi wake, wengi wao Wakaguru, wamehangaika kwa muda mrefu na maji ya chumvi. Adha hiyo huelezwa zaidi kwa kuhusishwa na afya, lakini ina nafasi pia katika historia ya teknolojia. Makala haya yanajadili gari dogo la Volkswagen Beetle na kudai kwamba uwezo wa mwenye gari kulitengeneza nyumbani ulitegemea mambo mawili: muundo wa mtambo na sera ya uchumi.

2.0 Muundo wa Gari na Mazingira

Sifa ya Beetle katika Afrika Mashariki ilijengwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari hilo liliibuka mshindi mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake ipo nyuma na hupozwa kwa hewa, hivyo haina rejeta. Katika eneo la maji ya chumvi sifa hiyo ina uzito, kwa kuwa maji hayo hula chuma na kuziba njia za kupozea injini.

Aidha, injini hiyo imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Watu wachache wenye jeki na spana waliweza kuishusha uani. Kazi za kawaida zilikuwa kubadili oili, takribani lita 2.5, kusafisha wavu wa kuichuja, na kurekebisha tapeti injini ikiwa imepoa. Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa na mpaka wake. Mkanda mmoja ndio uliozungusha jenereta na feni. Ulipokatika, dereva alipaswa kusimama mara moja, la sivyo injini ingeungua.

3.0 Sera na Uhaba wa Vipuri

Mkanda huo ulinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na hapo ndipo ufundi ulipokutana na siasa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, kisha vita vya Kagera vya 1978–1979 vikamaliza akiba ya taifa. Uagizaji wa magari na vipuri ulikuwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation. Wakati huohuo, mwaka 1978, utengenezaji wa Beetle ulikoma Ujerumani, ingawa uliendelea Mexico hadi 2003. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na kuhodhi bidhaa adimu kukawa jambo la hatari.

Katika hali hiyo, matengenezo ya nyumbani hayakuwa burudani. Gari moja lilivunjwa ili jingine litembee. Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameonesha kuwa gereji za mitaani nchini Tanzania zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa ya kiufundi. Kwa mantiki hiyo, uhaba haukuwa upungufu pekee. Ulikuwa pia shule.

4.0 Hitimisho

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika kutoka Japani yakaenea. Vipuri vikapatikana. Mwaka 1998 Volkswagen nayo ilitoa New Beetle: umbo la zamani, lakini injini ipo mbele, hupozwa kwa maji na huongozwa na kompyuta. Umbo lilirudi bila urahisi uliomwezesha mwenye gari kujitegemea. Kwa Gairo, magari madogo ya leo yamelirudisha swali ambalo Beetle ililikwepa: maji gani yatiwe kwenye rejeta.