Kengele ya mti na kolie ya umeme: historia fupi ya shingo ya imbwa

Siku hizi vijana wengi wanataka kufuga imbwa wa kulinda, juu wenye depo, wenye duka na wenye mashamba wote wanatafuta mulinzi. Na kwenye simu wanaona ile kolie ya umeme: mukaba wa shingoni wenye vyuma viwili vidogo vinavyogusa ngozi, na telekomande mkononi mwa mutu. Unafinya butoni, imbwa anashituka, anaacha. Inaonekana ni maendeleo. Lakini mbele ya kununua, tuangalie historia kidogo.

Kumufunga imbwa kitu shingoni si jambo geni kwetu. Katika bonde la Congo, wawindaji wa zamani walimuvalisha imbwa kengele ya mti. Sababu ilikuwa rahisi. Imbwa wetu wa kienyeji, wale Wazungu waliowaita Basenji, hawabweki kama wengine. Akiingia ndani ya majani marefu, humuoni na humusikii. Kengele njo ilisema: niko hapa, ninakimbia, nimesimama. Yaani kengele ilikuwa kwa sikio la mutu. Imbwa anasema, mwindaji anafuata.

Mwaka wa 1895 Waingereza walionyesha imbwa hao London, lakini walikufa na ugonjwa. Ni mwaka wa 1937 tu ndipo uzao wao ulipoanza kukaa kule vizuri. Walipenda masikio yao na unyamavu wao.

Katika miaka ya 1960, wawindaji wa Marekani walikuwa na shida ileile ya babu zetu: imbwa iko mbali, mkono haufiki. Wao walijibu kwa namna ingine. Walimuwekea shingoni chombo kinachopokea amri kwa mawimbi ya redio na kutoa umeme, hasa wakati aliacha njia na kufukuza nyama wasiyemutaka. Hapo kazi ya mukaba iligeuka. Kengele ilileta habari kutoka kwa imbwa. Kolie ya umeme inapeleka maumivu kwa imbwa.

Sisi wa agronomia tunajua senyenge ya umeme. Ng'ombe anaigusa mara moja, anaiona kwa macho, kesho anakaa mbali nayo. Amefahamu, juu maumivu iko na mahali pake. Kolie haina mahali. Imbwa haoni butoni. Akipigwa wakati anaangalia mutoto anayepita, anaweza kufikiri ni mutoto njo alimuuma. Akipigwa kila mara bwana wake iko karibu, anafikiri ni bwana.

Na si maneno matupu. Mwaka wa 2004, wachunguzi wa Uholanzi, Schilder na van der Borg, waliangalia imbwa wa kulinda waliofundishwa kwa umeme. Hata siku ya kutembea tu, bila somo, walionyesha woga kupita wenzao: masikio chini, mwili mudogo. Mwaka wa 2020, uchunguzi wa imbwa 63 kule Uingereza ulionyesha kwamba kolie haikufundisha vizuri kupita zawadi. Wales iliikataza mwaka wa 2010. Ujerumani na Uswisi pia zinaikataza.

Mutasema: hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu kuna vita. Basi tuende Virunga. Tangu mwaka wa 2011 walinzi wa mbuga ile iko na kikosi cha imbwa aina ya bloodhound, kilichoanzishwa pamoja na Marlene Zähner, munganga wa nyama kutoka Uswisi. Wanafuata nyayo za wale wanaoua tembo, mahali ambapo risasi inapita kweli. Imbwa anavaa mikanda ya kifuani na kamba ndefu. Anatangulia na pua yake, mulinzi anafuata nyuma. Ukifikiri vizuri, ni ileile ya kengele: imbwa anasema, mutu anasikiliza.

Hapa Base ya Kamina, tangu Wabelgiji walipoijenga kisha vita ya pili ya dunia, neno kufundisha linafanana sana na neno kuamuru. Wazee wetu walijua fimbo ya Force Publique. Ilimufanya mutu asimame wima. Haikumufanya apende kazi. Imbwa wa kulinda aliyefundishwa kwa woga, siku mwizi anaingia, hujui atamurukia nani.

Kwa hiyo, ndugu, ile feza ya kolie nunua kamba ya metre kumi na tupande tudogo twa nyama. Muite, akikuja umupe. Fanya vile asubui na mangaribi, kila siku, bila kuchoka. Inaomba uvumilivu kupita butoni, lakini utapata imbwa mwenye kukuja juu anataka kukuja.