Maksai, Jembe na Jirani: Habari za Ulinzi wa Mali ya Mkulima katika Usukuma na Unyamwezi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wataeleza habari za mazao yaliyouzwa na maghala yaliyojengwa. Mimi nimeona yafaa niandike juu ya jambo ambalo pasipo hilo mazao na maghala hayana maana, nalo ni ulinzi wa mali ya mkulima. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa taabu, na habari zao zina mafunzo makubwa kwetu, mema na machungu.

Katika miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilipokuwa kikipanuka katika Usukuma, majembe ya kukokotwa na ng'ombe yalienea sana. Tangu hapo ng'ombe alikuwa na thamani mpya. Hakuwa maziwa, mahari na akiba peke yake. Alikuwa chombo cha kazi. Mtu aliyeibiwa maksai wawili usiku wa kuamkia mvua za kwanza alibaki na jembe lisilo na wa kulivuta. Jirani zake walilima, yeye akitazama majani yakiota shambani mwake. Basi mwizi yule alikuwa amechukua mavuno ya mwaka mzima kabla mbegu haijapandwa.

Walakini wizi wa kwanza ambao wakulima wa pamba waliuondoa kwa umoja wao haukuwa wa usiku. Ulikuwa wa mchana, penye mizani ya wanunuzi. Mkulima asiyejua kusoma alipeleka pamba yake, akaambiwa uzito, akapokea fedha, akaondoka na mashaka moyoni. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi: waliwekwa vijana wenye kujua hesabu, wakaipima pamba kwa mizani ya wakulima kabla haijafika kwa mnunuzi. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake waliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Victoria. Hivyo ushirika wenyewe, katika nchi ile, ulizaliwa kwa kutaka shahidi na hesabu iliyo wazi. Kama wasemavyo wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka ya 1970 ilileta shida ya namna nyingine. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wizi wa ng'ombe na mauaji ya watu vilizidi. Mwaka 1976 Serikali ilifanya msako mkubwa wa kuwatafuta wauaji. Katika msako huo watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao walikufa mikononi mwa waliowashika. Mwezi wa Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa ametenda maovu yale kwa mkono wake, lakini alikubali kwamba yaliyotendwa chini ya wizara yake yalimhusu. Habari hii na ikumbukwe na kila aliyepewa dhamana ya ulinzi, awe mkubwa au mdogo.

Baada ya vita vya Uganda kumalizika mwaka 1979, bunduki zilizagaa mikononi mwa watu wasiostahili. Wezi wakawa hawaji tena kwa kunyemelea. Walikuja na silaha, wakavunja zizi mwenyewe akiona. Polisi walikuwa wachache, na barua ya malalamiko ilichukua siku nyingi kuliko mwendo wa ng'ombe walioibwa.

Ndipo kuanzia mwaka 1981 na 1982, katika sehemu za Kahama na Nzega, wanakijiji walipoanza kujilinda wenyewe. Jeshi lao liliitwa Sungusungu, jina la wale chungu weusi ambao mmoja wao ni mdogo, lakini wakitoka wengi hata mnyama mkubwa hukimbia. Waliwachagua viongozi wao, wakawapa majina ya heshima ya zamani: mkuu wao aliitwa ntemi, ingawa utawala wa watemi ulikuwa umekwisha kufutwa na Serikali mwaka 1963. Kila mwanamume mzima alipaswa kuwa na upinde na mishale. Yowe lilipopigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kililipokea na kulipeleka mbele, na vijana wakaziba njia na vivuko. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa mpaka zionekane zilikoishia. Aliyelala ndani asiitikie yowe alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa: hakusalimiwa, hakuombwa moto, hakusaidiwa msibani. Kwa mtu wa kijijini adhabu hiyo ni nzito kuliko kifungo.

Nguvu yao haikuwa mishale, kwa maana mishale haiwezi kushindana na bunduki. Nguvu yao ilikuwa kwamba mwizi hakupata tena mahali pa kupita, wala pa kulala, wala mtu wa kununua mali yake kwa siri. Rais Nyerere aliwaunga mkono, na desturi hiyo ikaenea mikoa mingine.

Lakini tusiandike historia kwa kuficha. Sungusungu hawakuwatafuta wezi peke yao. Waliwasaka pia watu walioshukiwa kuwa wachawi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wazee wasio na mtetezi. Watu walipigwa kwa sababu ya uvumi, na wengine waliuawa pasipo kuhukumiwa. Aliyemchukia jirani yake alipata njia ya kumdhuru kwa jina la ulinzi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, likawapa walinzi hao uwezo wa kukamata kama ule wa polisi. Hawakupewa uwezo wa kuwa mahakama. Mpaka huo, baina ya kukamata na kuhukumu, ndio unaomtenga mlinzi na mhalifu.

Ndugu wanachama, leo mali yetu si maksai na jembe tu. Tuna pampu za maji, mabomba ya kunyunyizia dawa, matrekta na mizani ya chama. Vitu hivi havina miguu wala nyayo za kufuatwa. Basi kila kimoja na kitiwe alama ya chama na namba yake, iandikwe katika daftari pamoja na jina la anayekitunza, na stakabadhi ya kununulia ihifadhiwe. Pampu isilale shambani. Zamu ya ghala iandikwe, na karani asiishike funguo peke yake. Tena tusinunue kifaa cha bei rahisi kisicho na stakabadhi, kwani mnunuzi wa namna hiyo ndiye anayemlipa mwizi mshahara.

Na siku mwizi atakapokamatwa, afikishwe polisi akiwa mzima. Chama kinachojua kulinda pampu yake lakini hakijui kulinda uhai wa mshukiwa kimesahau nusu ya yale waliyojifunza wazee wetu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nasi tuuwashe moto wa kutumulikia, usije ukaichoma nyumba ya jirani.