Maji Ndani ya Mtutu wa Bunduki

Mama alijaza maji kwenye mtungi wa lita tano, akauweka kando ya buti ya gari. Kando yake akaweka mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha. Mimi nikauacha mtungi pale pale getini, mfuko pia. Buti ilikuwa na spika, na spika ilikuwa kubwa, na nilikuwa na marafiki watatu ambao sikutaka wanione nikibeba viazi kama mtoto wa bweni.

Tulikuwa tunatoka Meru kwenda Nairobi, kama kilomita 230 hivi. Mama alijua narudi chuo. Hakujua kwamba nilikuwa nimeacha masomo miezi miwili kabla, na sikuwa na mpango wa kumwambia siku hiyo. Kwa hivyo niliondoka haraka, bila kuangalia nyuma. Playlist tulikuwa tumeipanga wiki nzima. Maji ya rejeta hakuna aliyeyaangalia.

Kama umewahi kupita barabara hiyo unajua jinsi ilivyo. Ukitoka Nkubu unaanza kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, kwa sababu kila mto unaotoka Mlima Kenya umejichimbia bonde lake, na barabara inakatiza yote. Daraja la Nithi liko huko. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukifika pale hata walevi hunyamaza. Sisi tulipunguza sauti ya spika, tukavuka, tukaiongeza tena. Tulipita Chuka. Tulivuka Thuci, mto ambao ndio mpaka wa kuingia Embu, na tukiwa kwenye mlima wa kutoka mtoni gari likaanza kutoa moshi mweupe kwenye boneti. Tukasimama. Watu wanne wazima, simu nne, spika moja, na hatukuwa na hata nusu glasi ya maji.

Nitarudi hapo. Kwanza wacha nikuambie kuhusu mtu mwingine aliyekwama bila maji upande huu wa nchi, Agosti 1851.

Johann Ludwig Krapf unamjua kutoka darasa la historia: mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, akapoteza mke na mtoto mwaka huo huo, akajenga kituo Rabai. Ndiye anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui. Wanajiografia wa Ulaya walimcheka. Theluji kwenye ikweta? Hawakuamini.

Jambo ambalo mwalimu hakulisisitiza ni kwamba Krapf hakuufikia mlima huo kwa akili zake. Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu wa Ukambani. Wakamba wa wakati huo ndio waliokuwa mabingwa wa safari ndefu. Misafara yao ilishuka hadi pwani na kupanda hadi nchi za karibu na mlima, na Kivoi alijua njia hizo jinsi dereva wa miraa leo anavyojua kila kona kati ya Maua na Nairobi. Mlima ambao Ulaya iliukataa, kwa Kivoi ulikuwa alama ya barabarani tu. Na huko kwa Kivoi, Krapf alikutana na mfanyabiashara kutoka Uembu aliyemwambia kwamba amefika kwenye mlima huo mara nyingi, na kwamba kule juu kuna kitu cheupe. Yaani Mwembu alikuwa ameshajibu swali la wasomi wa Ulaya kabla hawajamaliza kubishana.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Alitoka Rabai mwezi Julai na wapagazi na mizigo, akitaka kuanzisha kituo Ukambani. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi. Alipofika Yatta wapagazi wake hawakutaka kukaa naye, wakarudi kwao. Mpango wote ukawa umeanguka. Akaenda tena kwa Kivoi, na Kivoi akamchukua kwenye msafara wake kuelekea mto Tana, ambao ng'ambo yake unaingia nchi ya Wambeere na Waembu.

Hawakuvuka. Wakiwa karibu na mto walivamiwa. Kivoi aliuawa, pamoja na wafuasi wake wa karibu. Msafara ukatawanyika, kila mtu na njia yake, na Krapf akajikuta peke yake porini. Alikuwa na bunduki. Alikuwa na darubini. Hakuwa na chombo cha maji, hakuwa na chakula, na hakujua njia.

Kiu ilimpeleka mtoni. Alikunywa akashiba, kisha akakumbuka kwamba safari ya kurudi ni ndefu na ni kavu. Atabeba maji na nini? Akavua darubini kwenye mkoba wake wa ngozi, akaujaza mkoba maji. Akajaza pia mtutu wa bunduki, akauziba. Halafu akaanza kutembea usiku, mchana akijificha. Haikusaidia sana: mkoba ulivuja, na vichaka vilichomoa kizibo cha mtutu. Maji yote yakaishia njiani. Alijaribu kula majani na mizizi.

Nilisoma kisa hiki nikiwa chuo, kwenye maktaba, siku ambayo nilipaswa kuwa kwenye mtihani. Picha hiyo haijaniacha. Mtu amebeba chombo cha kuonea mbali na chombo cha kuulia, na anagundua kwamba alichohitaji ni kibuyu. Darubini na bunduki havikuwa vitu vya bure, hapana. Lakini vilichaguliwa na mtu aliyewaza hatari moja, na njia ikamletea nyingine. Kibuyu kilibebwa na watu wake, na watu wake walipotawanyika, kibuyu kikaenda nao.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, naona. Msafiri wa zamani wa upande huu hakutegemea tu alichobeba, alitegemea na watu. Wameru wana kitu kinaitwa gichiaro: undugu wa kiapo kati ya jamii au koo mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja. Waigembe, Watharaka, Wambeere na wengine walifungana hivyo, kila mmoja na wake. Ndugu yako wa gichiaro akifika kwako humnyimi chakula, humdanganyi, humwagi damu yake, na kwa kawaida hamwoani. Ukimnyima anachoomba, bahati mbaya itakutafuta. Fikiria maana yake kwa mtu anayevuka mabonde haya yote kwa miguu. Aliyekuwa na gichiaro mahali fulani alikuwa na nyumba, maji na ulinzi huko, kabla hata hajatoka kwake. Maandalizi hayo yalifanywa na babu zake, na hayakuwa na uzito wowote mgongoni.

Krapf alikuwa na mtu mmoja tu wa aina hiyo. Kivoi alipokufa, mlango ulifungwa. Ndugu wa Kivoi walimlaumu: kwa nini wewe umerudi na mzee wetu hakurudi? Alihofia kwamba watamuua, akatoroka usiku, akahangaika hadi akarudi Yatta na mwishowe Rabai. Huo ndio ukawa mwisho wa ndoto yake ya kituo Ukambani. Kumbuka pia kwamba haya yote tunayajua kwa sababu Krapf aliandika. Wafuasi wa Kivoi waliokufa siku hiyo hawakuacha kitabu, na upande wao wa safari hatuna.

Miaka mia moja na kidogo baadaye, barabara za Kenya zilipata wasafiri wa aina nyingine. Mbio za Safari zilianza 1953, na baadaye zikawa zinapigwa wakati wa Pasaka, mvua ikiwa imekolea, na udongo mwekundu wa Mlima Kenya unajua ukilowa huwa nini. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Katika mashindano hayo, jina linalokumbukwa kwa kufika ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa fundi gari. Alishinda 1965, 1974 na 1976, lakini rekodi ninayoipenda mimi ni nyingine: alishiriki mara 22, akamaliza 19. Kabla ya umaarufu alifanya kazi ya doria kwenye chama cha wenye magari, yaani kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliokwama barabarani na kuwanasua. Alikuwa ameyaona makosa ya watu wengine mamia ya mara kabla ya kupata nafasi ya kuyafanya yake.

Sisi pale Thuci tulikuwa hatujaona makosa ya mtu yeyote. Rafiki mmoja alitaka kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado inachemka. Sauti ikatoka juu ya barabara: "Wee kijana, wacha hiyo! Unataka kuchomeka uso?"

Alikuwa mzee mwenye gambuti na jerikeni ya njano ya lita ishirini, anatoka kunywesha ng'ombe. Alitukalisha chini kama nusu saa tungoje injini ipoe. Akatuuliza tunatoka wapi, tunaenda wapi, sisi ni watoto wa nani. Nilipotaja kwetu, akatikisa kichwa. "Umetoka nyumbani kwa mama yako, unaenda mpaka Nairobi, na hakukupa maji?"

Nilinyamaza. Ningemwambia nini? Kwamba alinipa nikayaacha getini?

"Alinipa, mzee," nikasema mwishowe.

Hakuuliza zaidi. Alimimina maji polepole, injini ikinguruma, akatujazia na chupa mbili tupu za soda. Tulimpa mia mbili akazikataa. Alisema tukipita tena tumsalimie, basi. Hakutupa namba ya simu.

Tulifika Embu jioni, tukanunua mtungi. Kabla hatujaondoka stendi nilimpigia mama. Nilianza na habari ya gari, akacheka, akasema mtungi wake bado uko pale getini, kuku wanauzunguka. Halafu nikamwambia ile nyingine, ya chuo.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama tumekula.