Mpira wa Kikapu wa Rwanda: Ukumbi Ulitangulia Timu

Mwezi Juni mwaka 2025, APR, timu ya mpira wa kikapu ya jeshi la Rwanda, ilishika nafasi ya tatu katika Ligi ya Kikapu ya Afrika iliyomalizikia Pretoria, Afrika ya Kusini. Mwezi Agosti mwaka huo huo, timu ya taifa ya nchi hiyo hiyo ilikwenda Angola kugombea ubingwa wa Afrika. Ilishindwa michezo yake yote mitatu ya kundi, ikarejea Kigali mapema. Kati ya matukio hayo mawili ilipita miezi miwili tu. Ndugu zetu wa Jeshi na Polisi, wanaoijua vyema tofauti ya gwaride na vita, bila shaka watapenda kujua sababu yake.

Anayetoka Ngara akavuka daraja la Rusumo amekwisha ingia Rwanda. Eneo lake ni kilometa za mraba 26,338, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 13. Mpira wa kikapu uliingia huko kwa njia ya shule za misheni, na kwa miaka mingi ulibaki kuwa mchezo wa wanafunzi na walimu wao. Shirikisho la taifa la mchezo huo, liitwalo FERWABA, liliundwa mwaka 1974, na mwaka 1977 likapokelewa katika Shirikisho la Kimataifa. Hata hivyo, timu ya taifa ya wanaume haikufika katika fainali za ubingwa wa Afrika hadi mwaka 2007, zilipofanyika Angola. Hiyo ni miaka 30 kamili.

Katikati ya miaka hiyo 30 kuna mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalidumu muda wa siku 100 hivi, nayo hayakumbagua mwanamichezo. Wachezaji, walimu wa timu na viongozi wa mchezo waliuawa. Uwanja wa Amahoro, neno lenye maana ya amani, uligeuka kuwa kimbilio la maelfu ya watu chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Baadaye wapenzi wa kikapu waliobaki walianzisha mashindano ya kuwakumbuka wenzao, na klabu za nchi jirani zimewahi kualikwa kuyashiriki. Ni vigumu kutaja timu nyingine katika ukanda huu iliyolazimika kuanza upya kwa namna hiyo, ikihesabu waliopo baada ya kuhesabu wasiokuwapo.

Walioujenga tena mchezo walitoka pande mbili: waliosalia nchini, na waliorejea kutoka ukimbizini, ambako baadhi yao walikuwa wamejifunza kikapu katika viwanja vya majirani. Nchi iliyoanza upya haikuwa na matajiri wa kudhamini klabu, basi taasisi za umma ndizo zilizobeba mzigo. Jeshi liliunda APR, na herufi hizo zinahifadhi jina la zamani la jeshi lenyewe, Jeshi la Kizalendo la Rwanda. Baadaye shirika la umeme lilikuwa na timu yake, REG. Jambo hili si geni Afrika ya Mashariki: Kenya ina Ulinzi, na kwetu JKT ni jina linaloheshimiwa katika kikapu. Askari mchezaji ana mahali pa kulala, chakula, mshahara na saa maalumu ya mazoezi. Katika nchi maskini, huo ni mtaji mkubwa kuliko urefu wa mwili.

Kisha likaja jengo. Mwezi Agosti mwaka 2019 ulifunguliwa mjini Kigali ukumbi wa watu 10,000, uliojengwa na kampuni ya Kituruki kwa muda wa miezi sita hivi, jirani na uwanja wa Amahoro. Mwezi Mei mwaka 2021 msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika ulichezwa wote humo, timu zikitengwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Patriots ya Kigali ilitoka ya nne. Miezi michache baadaye ukumbi ule ule ulipokea fainali za mataifa. Wenyeji, wakifundishwa na Cheikh Sarr wa Senegal, waliishinda Angola, taifa lililokuwa limekwisha twaa ubingwa wa Afrika mara 11. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu: Guinea iliwatoa kabla ya robo fainali.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sheria za ligi ya klabu zinaruhusu timu kuwa na wageni hadi wanne, na mara nyingi hao ndio wanaoshika mpira katika dakika ngumu. Shirikisho la Kimataifa, kwa upande wake, linairuhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza umri wa miaka 16. Mwaka 2021 nafasi hiyo ilikuwa ya Prince Ibeh, mzaliwa wa Uingereza. Kwa hiyo nguvu ya APR huko Pretoria haikuweza kuhamishwa kwenda Angola. Ukumbi hujengwa kwa miezi sita, lakini mlinzi wa kati anayejua kusimama mbele ya mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili huchukua miaka 10, na lazima aanzie shuleni.

Timu ya wanawake ilipiga hatua zaidi, ingawa hutajwa kwa nadra. Mwaka 2023, katika ukumbi huo huo na chini ya Sarr huyo huyo, iliitoa Uganda katika robo fainali ya ubingwa wa Afrika, ikashindwa na Nigeria iliyotwaa kombe, na kumaliza katika nafasi ya nne. Wanaume wa Rwanda hawajapata kufika hapo.